Mistari kumi sahihi, alama mbili: njia mbili za kufikiri katika hesabu

Jioni moja katikati ya juma, jirani yangu wa hapa mtaa wa Katindo aliniletea karatasi ya mtihani wa binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, huku yeye akiwa amekasirika kuliko binti mwenyewe. Swali lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa, kama ilivyo kawaida ya shule zetu, na kwa Kiswahili linasomeka hivi: onyesha kwamba ukijumlisha namba witiri kuanzia 1, jumla yake daima ni idadi ya namba hizo mara idadi hiyo hiyo. Namba witiri ni zile zisizogawanyika kwa mbili, yaani 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Binti alikuwa ameandika kwamba 1 ni 1 × 1, kwamba 1 + 3 ni 4, yaani 2 × 2, kwamba 1 + 3 + 5 ni 9, yaani 3 × 3, akaendelea hivyo mpaka namba kumi, akapata 100. Hakukuwa na kosa hata moja katika mistari yake kumi. Alama alizopewa zilikuwa 2 juu ya 10, na pembeni kulikuwa na maneno ya wino mwekundu yaliyosema kwamba huo si uthibitisho.

"Mwalimu," baba yake akaniambia, "mtoto amejaribu mara kumi, na mara zote kumi imekubali. Wanataka nini tena?"

Swali hilo nimelisikia kwa miaka mingi niliyofundisha hesabu katika mji huu wa Goma, na si swali la kuchekwa. Limezidi kuchanganya watu kwa sababu ya majina. Katika masomo ya mantiki mwanafunzi anafundishwa induksioni na deduksioni. Baadaye, katika hesabu, anakutana na uthibitisho unaoitwa rekuransi, ambao vitabu vingine vinauita induksioni ya hesabu. Anahitimisha, na mimi simlaumu, kwamba kujaribu mifano mingi ni induksioni, na kwamba kwa kuwa induksioni imekubaliwa katika hesabu, mifano kumi inatosha.

Tuanze na majina yenyewe, kisha tuyaache, maana yanatisha bure. Induksioni ni kutazama mambo machache uliyoyaona na kutoa humo kanuni inayohusu mambo yote ya aina hiyo. Nitaiita njia ya mifano. Deduksioni inakwenda kinyume: unaanza na kanuni iliyokubaliwa, na hatua kwa hatua unapata kile ambacho hakina budi kuwa kweli ikiwa kanuni hiyo ni kweli. Nitaiita njia ya kanuni.

Njia ya mifano tunaitumia kila siku sokoni. Mtu anayenunua gunia la makala, maana hapa kwetu makala ni mkaa kabla ya kuwa maandishi kama haya, anatazama juu ya gunia, anaona vipande vikubwa vigumu, anavigonga kidogo, analipa. Amefikiri vizuri, hakuna mtu mwenye akili anayemwaga gunia zima barabarani kabla ya kununua. Lakini sisi sote tumewahi kufika chini ya gunia na kukuta vumbi. Vipande vya juu havikudanganya kuhusu wao wenyewe. Ni mnunuzi aliyevifanya viseme habari za vile vya chini.

Njia ya kanuni nayo tunaitumia, ila hatuioni kwa sababu ni ya haraka mno. Kila ndugu wa kiume wa mama yangu ni mjomba wangu. Fundi seremala fulani wa Himbi ni ndugu wa kiume wa mama yangu. Basi fundi huyo ni mjomba wangu, na sihitaji kumtazama sura wala kuwahoji majirani zake. Hitimisho halina mlango wa kutorokea. Hata hivyo, njia hii nayo ina udhaifu wake: inalinda safari, hailindi mahali ulipoanzia. Mtu akisema kwamba kila mashua inayotoka Goma inakwenda Bukavu, na kwamba mashua hii imetoka Goma, atahitimisha kwa hatua safi kabisa kwamba inakwenda Bukavu, kisha atashushwa kisiwani Idjwi akiwa na mizigo yake. Hatua zilikuwa nzuri, kanuni ilikuwa mbovu.

Sasa turudi kwenye mtihani. Nilimwomba binti alete vizibo vya soda, ambavyo wadogo zake wanavikusanya kwa kuchezea, na tukavipanga mezani. Kizibo kimoja katikati: huo ni mraba wa 1 × 1. Ili upate mraba wa 2 × 2, unaongeza kizibo kimoja upande wa kulia, kimoja upande wa chini, na kimoja cha kuziba kona: jumla 3. Ili ufike 3 × 3, unaongeza viwili kulia, viwili chini, na kimoja cha kona: jumla 5. Alipofika kwenye mraba wa 4 × 4 aliacha kuhesabu kwa kidole, akatazama tu. Niliona kwamba ameona. Kila mara mraba unapokua kwa hatua moja, unahitaji safu moja kulia, safu moja chini, na kizibo kimoja cha kona. Na kwa kuwa safu zile mbili zina urefu sawa, zikijumlishwa pamoja na kile kimoja lazima zitoe namba witiri, na tena ile inayofuata baada ya iliyotumika hapo nyuma. Hatukuhitaji kufika mraba wa 10 × 10, wala wa milioni, kwa sababu sasa tulikuwa tunajua sababu, na sababu hiyo haiulizi mraba una ukubwa gani.

Ona kilichotokea mezani pale. Mistari kumi ya binti haikuwa upotevu wa wakati, na mimi ningempa zaidi ya alama mbili, ingawa hilo ni kati yangu na mwalimu wake. Bila mistari ile asingejua hata kitu cha kuthibitisha. Njia ya mifano ndiyo iliyomwambia: tazama hapa, kuna jambo. Njia ya kanuni ndiyo iliyokuja kumwambia kwa nini jambo hilo haliwezi kukosa. Anayetatua mafumbo ya hesabu kwa kweli anakwenda na kurudi kati ya hizo mbili, mara nyingi bila kujua ni saa ngapi amevuka.

Baba hakuridhika. Alisema kwamba ikiwa jambo limekubali mara kumi, kukubali mara ya kumi na moja ni uhakika wa kutosha kwa mtu mzima. Basi nikachukua chaki, nikachora duara sakafuni.

Weka nukta mbili kwenye ukingo wa duara na uziunganishe kwa mstari ulionyooka: duara limegawanyika vipande 2. Weka nukta tatu, unganisha kila moja na nyingine zote: vipande 4. Nukta nne: vipande 8. Nukta tano: vipande 16. Kila mtu aliyekuwa chumbani, hata mama aliyekuwa anapitapita na sufuria, alijua jibu la nukta sita kabla sijachora. Ni 32. Nilichora polepole, nikihakikisha kwamba mistari mitatu haikutani mahali pamoja, tukahesabu, tukahesabu tena. Vilikuwa 31.

Hilo si kosa la chaki. Vipande haviongezeki maradufu na wala havikuwahi kuwa na mpango huo. Tulibandika kanuni ya maradufu juu ya namba zilizofanana nayo kwa muda tu. Kanuni ya kweli inapatikana kwa kufuata mistari yenyewe. Duara tupu ni kipande 1. Kila mstari unaochorwa unaongeza kipande 1, na kila mahali ambapo mistari miwili inakatana ndani ya duara kunaongezeka kipande 1 kingine. Kwa nukta tano kuna mistari 10 na makutano 5, basi 1 + 10 + 5 ni 16. Kwa nukta sita kuna mistari 15 na makutano 15, basi 1 + 15 + 15 ni 31. Msomaji mwenye chaki na subira anaweza kujaribu nukta saba, ambazo zina mistari 21 na makutano 35, na atapata vipande 57, mbali kabisa na 64.

Mtu atasema kwamba mifano minne ni michache. Haya, tuchukue arobaini. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kwa namba nyingine ila 1 na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11. Jina lenyewe limechaguliwa vizuri, maana namba hizo hazina uzao wa ndani. Chukua namba yoyote kuanzia 0, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyo hiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41, namba tasa. Ukianza na 1 unapata 43, tasa. Ukianza na 2 unapata 47, na 3 unapata 53, na 4 unapata 61, zote tasa. Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Basel huko Uswisi, aliandika kuhusu namba za aina hii mwaka 1772. Inakubali kwa 0, kwa 1, kwa 2, mpaka 39: mara arobaini mfululizo bila kukosa. Kwa 40 inavunjika. Na tazama jinsi njia ya kanuni inavyoiona ajali hiyo bila hata kupiga hesabu ndefu: 40 × 40 na 40 nyingine ni 40 × 41, ukiongeza 41 unapata 41 × 41, ambayo bila shaka inagawanyika kwa 41. Jibu ni 1,681, na si tasa.

Hapa Goma tuna funzo jingine la aina hiyo, nalo halikuandikwa kwa chaki. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977, na tena tarehe 17 Januari 2002. Kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine ni miaka 25, na yote miwili ni ya mwezi wa Januari. Mtu wa njia ya mifano peke yake angejiwekea kanuni mbili: mlima unalipuka kila baada ya miaka 25, na unalipuka Januari. Angekaa akisubiri 2027. Mlima ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Wanaouchunguza mlima hawana njia ya kukwepa mifano, kwa sababu mlima hauna kanuni iliyoandikwa mahali fulani tuisome. Wanachoweza ni kukusanya dalili nyingi zaidi, za mitetemeko na za gesi, na kusema kwa tahadhari. Hesabu ina bahati ambayo elimu ya milima haina: yenyewe inaweza kufunga mlango.

Na kwa kuwa tuko Kivu ya Kaskazini, siwezi kupita bila kutaja mfupa wa Ishango, ambao unatajwa kila panapozungumzwa hesabu za Waafrika. Mwaka 1950 mtafiti wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, aliupata Ishango, kaskazini mwa mkoa wetu, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Umri wake unakadiriwa kufika miaka 20,000 au zaidi, na leo umehifadhiwa Brussels. Una mikato iliyopangwa katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Watu wengi wanahitimisha papo hapo kwamba wazee wetu wa ziwani walizijua namba tasa. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini hiyo ni njia ya mifano, na mifano yenyewe ni minne tu. Safu hiyo hiyo jumla yake ni 60, na safu nyingine yenye 11, 21, 19 na 9 nayo ni 60, naye mtafiti mwingine, Alexander Marshack, alifikiri kwamba huenda mikato hiyo ni hesabu ya siku za mwezi. Mfupa mmoja, kanuni mbili zinazoutosha. Heshima ya wazee hao haipungui tukikiri hivyo: mtu aliyekata mikato kwa mpangilio ule alikuwa anahesabu kitu, na hilo peke yake ni kubwa.

Sasa tuje kwenye jina linalochanganya kuliko yote, rekuransi. Fikiria watoto waliosimama kwa mstari kutoka ufukweni mwa Ziwa Kivu kupanda mpaka nyumbani, wakipokezana bidoni la maji, yaani dumu. Ukitaka kujua kwa uhakika kwamba kila mtoto atalipokea, huna haja ya kutembea mstari mzima. Unahitaji mambo mawili: kwamba mtoto wa kwanza amelipokea, na kwamba kila mtoto anayelipokea anampa yule anayemfuata. Ukiyapata hayo mawili, mstari ukiwa na watoto kumi au elfu kumi, kila mmoja atalishika bidoni.

Kwa namba witiri inakuwa hivi. Mtoto wa kwanza: 1 ni 1 × 1, sawa. Kupokezana: tuseme kwamba namba n za kwanza zimetoa n × n. Namba witiri inayofuata ni 2n + 1. Ukiiongeza unapata n × n + 2n + 1, na hiyo ndiyo (n + 1) × (n + 1). Bidoni limepita. Francesco Maurolico, mwanahesabu wa Messina katika kisiwa cha Sicilia, alichapisha uthibitisho wa jumla hii hii kwa mtindo huu mwaka 1575, kwa hiyo binti wa jirani yangu alikuwa kwenye swali lenye ukoo mrefu.

Je, hiyo ni njia ya mifano? Hapana. Hakuna mahali tuliposema kwamba imekubali mara nyingi basi itakubali daima. Rekuransi ni njia ya kanuni tupu, iliyovaa jina la kuazima. Na masharti yake mawili hayauzwi rejareja. Jaribu kuthibitisha kwamba kila namba ni sawa na ile inayoifuata. Kupokezana kunakubali kabisa: ikiwa n ni sawa na n + 1, basi ongeza 1 pande zote, na n + 1 ni sawa na n + 2. Hatua haina doa. Kasoro ni kwamba mtoto wa kwanza hakupewa bidoni, maana 1 si sawa na 2, na mstari mzima umesimama mikono mitupu.

Kuna wanaofikiri kwamba kompyuta zimemaliza mjadala huu, kwa kuwa zinaweza kujaribu mifano isiyohesabika. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Euler barua iliyozaa dai ambalo leo tunalisema hivi: kila namba inayogawanyika kwa mbili, ikiwa ni kubwa kuliko 2, ni jumla ya namba tasa mbili. 8 ni 3 + 5, 20 ni 7 + 13, 100 ni 3 + 97. Kompyuta zimelijaribu dai hilo mpaka kupita 4,000,000,000,000,000,000 na hazijapata inayokataa. Hata hivyo bado linaitwa dhana, kwa sababu hakuna aliyeonyesha sababu. Kwa upande wa pili, mfano mmoja tu unaokataa ungelizika siku hiyo hiyo. Katika mazungumzo yetu tunasema kwamba kila kanuni ina la kuiponyoka, na tunaendelea kuishi. Katika hesabu kanuni iliyoponyokwa na jambo moja si kanuni tena.

Ukali huo unamfaa mwanafunzi kuliko anavyofikiri, hasa kwenye maswali ya kuchagua jibu kama yale ya mtihani wa taifa. Tuseme anaulizwa jumla ya 1 + 2 + 3 mpaka n, na amepewa machaguo manne: n × n, n × (n + 1) ÷ 2, 2n − 1, na n × n − n + 1. Akijaribu n = 1 yote manne yanatoa 1, na mwenye haraka anachagua la kwanza. Akijaribu n = 2, jumla ni 3, na la kwanza linaanguka kwa sababu linatoa 4; mengine matatu bado yamesimama. Akijaribu n = 3, jumla ni 6: la tatu linatoa 5, la nne linatoa 7, la pili linatoa 6. Hapa mifano mitatu imetosha, lakini haikuthibitisha jibu. Imeyaua mengine, na ni mtunga swali aliyeahidi kwamba moja kati ya manne ni sahihi. Akiwa ameongeza chaguo la tano linalosema kwamba hakuna jibu sahihi, ahadi hiyo haipo tena, na mwanafunzi anapaswa kujua kwamba bado anadaiwa sababu.

Alama za binti hazikubadilika. Mwalimu wake alikuwa sahihi, ingawa neno moja la maelezo lisingemgharimu wino mwingi. Juma lililofuata binti alirudi na daftari, akiwa amejitungia swali lake mwenyewe: namba zinazogawanyika kwa mbili, zikijumlishwa, zinatoa nini? Alikuwa ameandika 2, ambayo ni 1 × 2. 6, ambayo ni 2 × 3. 12, ambayo ni 3 × 4. 20, ambayo ni 4 × 5. Pembeni alikuwa amechora vizibo, safari hii katika umbo la mstatili, na safu ya mwisho alikuwa ameifuta mara mbili. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, aliandika: mpaka hapa ni mifano.